Kibanja cha Sita

Cheti changu kina mkwaruzo mahali palipoandikwa mwaka. Mtu alikwangua wino wa kwanza kwa wembe, polepole ili asitoboe karatasi, kisha akaandika mwaka mwingine juu yake. Wageni wanaokitazama ukutani hudhani karani alikosea. Karani hakukosea. Huo mkwaruzo ndio ninaoupenda kuliko jina langu lililoandikwa kwa herufi za madoido hapo chini, na watu ninaowashukuru katika maisha yangu wamo ndani yake wote.

Mama yetu alimfuata baba kaburini nikiwa darasa la nne. Nyuma yangu walikuwa wawili, mdogo wangu wa kike na mdogo wangu wa kiume. Hakuna aliyeniambia niache shule. Siku ya kwanza baada ya matanga niliwaosha wale wawili nyuso, nikawapikia ndizi na maharage, nikawasindikiza mpaka njia panda ya shule, na wao walipokata kona mimi nikarudi nyumbani. Ikawa hivyo kesho yake, na keshokutwa. Nafikiri mwalimu alielewa, maana hakutuma mtu kuniuliza.

Nilipokua kidogo nilipata kazi kwenye kitalu cha miche ya kahawa, bondeni, si mbali na Muleba. Mwenye kitalu alikuwa bwana shamba mstaafu, mzee mkimya aliyevaa kofia ya kaki hata ndani ya nyumba. Alinichukua nimwagilie maji tu. Lakini nilikuwa na mikono mizuri kwa vitu vidogo, labda kwa sababu ya kulea, na baada ya miaka michache akaniachia kazi yenyewe: kusia mbegu, kuhamisha miche kwenye vikombe vya maganda ya migomba, kuifunika isiungue na jua, na kuwapa wakulima walipofika msimu wa mvua. Watu wakaanza kuniita fundi. Nilifurahi sana kuitwa hivyo. Sikuwa na jina jingine la kujivunia.

Mwaka ule tulikuwa na matuta mawili. Moja lilikuwa na kahawa yetu ya kawaida ya robusta, ile ya majani mapana, na jingine lilikuwa na arabika, ambayo hupenda baridi ya juu na huku chini karibu na ziwa hushikwa na ugonjwa wa kutu ikapukutika majani. Miche ikiwa michanga, na vile vijani viwili vya kwanza, huwezi kuitofautisha. Kwa hiyo niliweka alama: kijiti kilichomenywa ganda kwenye arabika, na kisichomenywa kwenye robusta. Siku moja mvua ya mawe ilivuruga matuta yote. Nikakusanya vijiti haraka, kwa kuwa mdogo wangu wa kike alikuwa na homa nyumbani, nikavichomeka upya bila kukumbuka vizuri kipi kilikuwa wapi. Nilijiambia nakumbuka. Sikukumbuka.

Nilikuja kujua miezi mitano baadaye. Miche iliyobaki kitaluni upande wa robusta ilikuwa imetoa majani membamba yanayong'aa. Nilichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Wakulima sita walikwisha kuchukua miche kutoka tuta lile na kuipanda kwenye vibanja vyao, yaani kando ya nyumba zao, kati ya migomba, mahali walipozika wazee wao. Wangeipalilia miaka mitatu, kisha ingewafia mikononi.

Nilimwambia bwana shamba siku ileile. Aliangalia tuta, akavua kofia, akaivaa tena. Akasema kwamba ikipukutika watu watalaumu mvua, au udongo, na kwamba nikienda kusema, kitalu kinaweza kukosa wateja na mimi nikakosa kazi. Hakusema kwa ukali. Alikuwa ananihesabia tu yaliyo mbele yangu, kama anavyomweleza mtu njia yenye mto.

"Sikukatazi," akasema. "Ila sikutumi."

Niliwatazama wale wawili jioni wakila, nikajua kwamba chakula kile kilitoka kitaluni. Asubuhi nikaenda kibanja cha kwanza.

Wale watano wa kwanza nilikwenda kwao mikono mitupu. Nilipiga magoti kusalimu, nikasema nilichokosea, nikasema miche mizuri ipo na nitaileta mwenyewe. Mmoja alinitukana mpaka akachoka, kisha mkewe akaniletea maji ya kunywa. Mwingine alicheka, akasema afadhali mimi, fundi wake wa nyumba alikosea mlango na bado anadai ndivyo milango ilivyo siku hizi. Wote watano waling'oa ile miche kwa mikono yao, nami nikawaletea mingine. Bwana shamba hakuniuliza nimeitoa wapi, ingawa alijua vizuri kwamba nimeitoa kwake.

Kibanja cha sita kilikuwa Kimwani, mbali na kwetu. Nikaona nisiende mara mbili. Nilifunga miche mipya kwenye majani ya mgomba nikajitwika, nikaweka jembe begani, nikaondoka alfajiri ili nifike, niseme, ning'oe, nipande, nirudi. Niliona hiyo ni bidii.

Mwenye kibanja alikuwa mzee mjane aliyeishi peke yake. Nilimkuta anatandaza nyasi chini ya migomba. Nikatua mzigo, nikapiga magoti mbele yake, jembe likiwa bado begani, nikamwamkia. Nilimwita *tata*, baba, kama tunavyomwita kila mzee. Hakuitikia. Alikuwa anaangalia jembe.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, tata. Nimekuja mwenyewe kung'oa kahawa."

"Mwenyewe," akasema. "Baba yangu walimjia wanaume wawili. Mimi naletewa msichana mmoja. Kweli nimekuwa maskini."

Sikumwelewa. Nikaanza kueleza habari ya vijiti na majani membamba, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyokunjamana. Aliinuka, akauchukua mzigo wangu wa miche, akatoka nao polepole mpaka njiani nje ya irembo, kule watu wanakoingilia, akauweka chini bila kuutupa. Akaniambia nisipite tena pale maadamu yeye ni hai.

Nilirudi nalia. Bwana shamba alinikuta kitaluni nimekaa juu ya debe, akaniuliza imekuwaje, nikamsimulia.

"Ulikwenda na jembe?"

"Ndiyo."

"Ukaingia nalo? Begani?"

"Begani."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mwanangu, hukufundishwa?"

Nikamwambia kwamba waliopaswa kunifundisha walikufa kabla hawajafika huko. Basi akanifundisha yeye. Aliniambia kwamba zamani, mkubwa mwenye ardhi akitaka kumwondoa mtu, hakutuma barua. Alituma watu waingie kibanjani na jembe begani wang'oe mmea mmoja, na mwenye nyumba akiona hivyo hukusanya watoto na vyungu. Ndivyo alivyoondolewa baba wa yule mzee. Mzee mwenyewe alianza upya kwenye rweya, ile nyika ya majani matupu, akabeba samadi na nyasi kichwani miaka mingi mpaka pakaota mgomba. Na jambo la pili: kwetu mti ni wa yule aliyekanyaga udongo shinani siku ya kuupanda. Mgeni asiyejua akija na jembe lake na miche yake, akasema nitang'oa na nitapanda mwenyewe, amesema maneno mabaya kuliko matusi.

Nilikuwa nimemdhuru mtu yule mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kubwa zaidi.

Nilikwenda Kimwani tena kila mvua zilipoanza. Nilisimama njiani, bila jembe, nikaita salamu, nikaacha miche nje ya irembo. Nikirudi msimu mwingine niliikuta imekauka pale pale, haikuguswa. Mwaka wa tatu niliona kwa macho yangu, kutoka njiani, kahawa yake imepata madoa ya manjano na matawi yamebaki kama vidole. Aliniona ninaangalia. Akageuka akaingia ndani.

Ndipo ikaja barua kutoka Bukoba.

Mjini kulikuwa na klabu ya watu wa huduma: wafanyabiashara, daktari Mwingereza, walimu, mchungaji mmoja, mwanasheria. Walichimba visima na kununua miwani ya wazee, na mara moja kwa mwaka walikutana kumheshimu mtu mmoja aliyefanya kazi yake kwa uaminifu, awe yeyote yule. Mwaka uliotangulia alikuwa dereva wa lori. Katibu wao, mwalimu, alikuwa na kaka yake kati ya wale wakulima watano, na kaka huyo alikuwa amesimulia habari ya miche kila harusi aliyokwenda. Barua ilisema nimechaguliwa mimi. Ilisema pia kwamba klabu ina desturi yake: anayeheshimiwa huwaalika wote walioguswa na kazi yake, na kabla ya kumpa cheti mwenyekiti huuliza kama yupo mwenye neno, kama inavyofanywa kanisani kabla ya ndoa.

Mdogo wangu wa kike aliisoma mara tatu kwa sauti. Wa kiume akaniuliza kama sasa watatakiwa kuniamkia kwa magoti. Kisha tukafika kwenye mwaliko.

"Alika watano," akasema mdogo wangu wa kike. "Yule wa Kimwani alishakufukuza. Aliyekufukuza hujamnyima kitu usipomwita."

Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Yalikuwa maneno mazuri, na hakuna mtu Bukoba ambaye angejua. Lakini barua ilisema vibanja sita, kwa kuwa ndivyo kaka yake katibu alivyosimulia, na mimi ndiye niliyekuwa najua kwamba ni vitano. Niliwahi kujiambia nakumbuka mahali ambapo sikukumbuka. Sikutaka kufanya hivyo tena nikiwa nimevaa gauni jipya.

Nikaenda Kimwani. Nilisimama njiani, nikamweleza mzee kwa sauti ya kusikika habari ya barua na mwaliko wake. Alikuwa anatandaza nyasi, hakuinua kichwa.

"Watakupa nini?"

"Karatasi, tata."

"Inasemaje?"

"Kwamba nimefanya kazi yangu vizuri."

Akacheka, mara ya kwanza kumsikia. "Vizuri," akasema, akaendelea na nyasi zake.

Usiku wa kuamkia mkutano tulilala Nshambya, hapo mjini, kwa shangazi, dada wa baba, aliyetukagua sote watatu hadi nyuma ya masikio. Ukumbi ulikuwa nyuma ya maduka, alasiri, madirisha wazi. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, juu yake chai, sambusa, biskuti, na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ili watu wa kwetu wasijione wageni. Mwenyekiti alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa Bukoba, aliyeongea Kihaya vizuri kuliko mimi nilivyoongea Kiswahili. Wakulima wangu watano walikaa mstari mmoja na wake zao. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa mzee wa Kimwani, kanzu na koti, fimbo kati ya magoti. Alikuja na lori la kahawa. Viti vya pande zake zote mbili vilikuwa vitupu.

Mdogo wangu wa kike alimwona pia, akanishika kidole kimoja, kama alivyokuwa akinishika utotoni njiani kwenda shule.

Mwenyekiti alisimulia habari yangu kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kisha kwa Kihaya, na kwa kila lugha nilizidi kuwa mtu mwema. Katika Kihaya nilivuka mto uliofurika, jambo ambalo sikulifanya. Kisha akauliza kama yupo mwenye neno. Alikuwa ameshakichukua cheti mkononi.

"Mimi ninalo," mzee akasema.

Akasimama. Hakuharakisha.

"Msichana huyu alinipa miche mibaya. Akaja kuniambia kwamba ni mibaya. Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kutembea siku nzima kuja kuniambia ubaya wake mwenyewe, na mimi nikamfukuza. Hayo ni yangu, sikuja kuyasema. Nimekuja kwa sababu mnasema ametengeneza vibanja sita. Ni vitano. Cha kwangu bado."

Kuna mtu alicheka kidogo, akaacha. Daktari aliinama kutafsiriwa. Katibu akasema kwa upole kwamba, kwa jinsi alivyosikia, mzee mwenyewe ndiye aliyekataza.

"Nilikataza. Lakini kukatazwa si kumaliza."

Akakaa.

Nakumbuka aibu ilinipanda kwanza kama maji ya moto. Kisha, na hili nimelitafakari miaka mingi, ikaja furaha. Sikuwa nimeielewa wakati ule. Yule mzee hakuwa amesema mimi ni mwizi wa ardhi, wala mchawi, wala mtoto asiye na wazazi. Alikuwa amesema nina kazi kwake. Alikuwa amenifungulia irembo mbele ya watu wote.

Mwenyekiti alinigeukia, akaniuliza kwa Kihaya, taratibu, kama nina la kujibu. Nilitaka kupiga magoti, nikaona gauni, nikabaki nimesimama.

"Anasema kweli," nikasema. "Ni vitano. Naomba karatasi isubiri."

Mwanasheria alinong'ona kitu, mwenyekiti akatikisa kichwa. Akakiweka cheti mezani, uso chini, akakifunika kwa sahani ili upepo usikichukue. Akasema kwamba karatasi itasubiri mwaka, lakini sambusa haziwezi. Watu wakacheka kwa pamoja, viti vikasogea, na kwa muda mfupi ukumbi ukawa kama nyumba yenye harusi iliyoahirishwa lakini chakula kimeiva. Daktari alinijia, akanipa mkono, akasema Kiswahili chake chote kwa mara moja: "Vizuri sana, mama." Nilikuwa sijaolewa.

Mzee hakula cha klabu. Alitoa kahawa yake mwenyewe kwenye mfuko wa koti, akatafuna punje moja moja akiangalia dirishani. Tulipokuwa tunatoka alinisubiri mlangoni.

"Utakuja lini?"

"Mvua zikianza, tata."

"Na jembe?"

"Hapana, tata. Sitaleta."

"Lete. Liache irembo."

Mvua zilianza. Nilifika Kimwani na miche ya robusta ya majani mapana, niliyoikagua jani kwa jani. Nikalaza jembe chini pale nje, mpini ukielekea kwake, nikaingia, nikapiga magoti. Safari hii aliitikia salamu yote mpaka mwisho. Kisha akatoka, akaliokota jembe langu kwa mkono wake, akaliingiza kibanjani mwenyewe. Sijui kama kuna anayeweza kuelewa jambo hilo lilivyokuwa kwangu, ila mtu wa kwetu. Alikuwa ameliingiza yeye, kwa hiyo halikuwa jembe la kumwondoa.

Tulifanya kazi siku mbili. Aling'oa mikahawa ile ya kutu yeye mwenyewe, na kila mmoja aliutazama kidogo kabla ya kuutupa, kwa kuwa alikuwa ameupalilia. Alichimba yeye, mimi nilishika mche usimame wima, yeye akarudisha udongo na kuukanyaga kwa kisigino. Hakuongea sana. Aliniuliza baba yangu alikuwa nani, nikamwambia, akasema alimfahamu kwa sura, alikuwa na mwendo wa haraka. Sikuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote. Niliporudi nyumbani nilimtazama mdogo wangu wa kiume akitembea, nikaona ni kweli.

Lilipobaki shimo la mwisho alinyoosha mgongo, akanipa jembe.

"Chimba wewe."

Nikachimba. Yeye akakanyaga.

Bwana shamba hakunifukuza kazi. Mwaka ule wateja walipungua kweli, lakini mwaka uliofuata walirudi, na wengine walitoka hata Maruku, wakasema wanataka miche ya yule msichana wa vijiti. Jina la fundi lilikwisha. Nikawa msichana wa vijiti mpaka nilipokuwa na mvi, na vijiti vyangu tangu siku ile nilivifunga kwa kamba, mvua ya mawe inyeshe isinyeshe. Wadogo zangu walimaliza shule walizoweza kumaliza. Hili ninaloandika lilipitiwa na mdogo wangu wa kike, ambaye ni mwalimu, na mahali aliposahihisha sana ni pale nilipomsifu yeye, amefuta.

Tulikwenda tena Bukoba mwaka mmoja baada ya mkutano ule. Ukumbi uleule, shangazi yuleyule na masikio yetu. Karani alikuwa amekwangua mwaka wa zamani kwa wembe, kwa kuwa mwenyekiti alikataa kabisa cheti kipya kiandikwe. Mzee wa Kimwani safari hii alikaa mstari mmoja na wale watano, mwanzoni kabisa, na kikapu cha kahawa ya klabu kilikuwa miguuni pake.

Mwenyekiti alisimulia habari kwa lugha tatu. Kisha akauliza kama yupo mwenye neno, na watu wote, hata daktari, wakageuka kumtazama mzee.

Alikuwa anatafuna. Akamaliza kutafuna.

"Endeleeni," akasema.